Mizigo ya Njia ya Bura: Kutoka Frasila Mbili hadi Futi Arobaini

Bura ya Taita ina njia tatu, ingawa mgeni huona mbili tu. Ya kwanza ni lami inayotoka Voi, ikapita Mwatate, ikaufuata mguu wa milima ya Taita, kisha ikajitupa nyikani kuelekea Maktau na Taveta. Ya pili ni tuta la reli ya zamani, ile ya upana wa meta moja, ambalo mara huikaribia lami, mara hujitenga nayo. Ya tatu haionekani tena kwa macho. Ni njia ya miguu ya misafara, iliyotoka Mombasa na Rabai, ikavuka nyika kavu ya Taru, ikafika milimani kwetu kutafuta maji, kisha ikaendelea hadi Taveta na Uchaga. (Ninaposema Bura ni hii ya Taita, si ile ya Mto Tana yenye mradi wa umwagiliaji. Majina yamefanana, nchi ziko mbalimbali.)

Njia zote tatu zilibeba shehena zilezile kwa namna yake: nguo na vyuma kutoka pwani, mali ya bara kurudi pwani. Kilichobadilika ni kipimo. Njia ya miguu ilihesabu kwa frasila, reli ikahesabu kwa tani, na lami ya leo huhesabu kwa kontena: la futi 20, la futi 40. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kila mtu anadhani anakijua, kwa kuwa kontena tunaliona mchana na usiku likipita. Lakini tunachokiona ni ukubwa wake. Uzito hauonekani, na historia ya njia hii, tangu bega la mpagazi mpaka leo, ni historia ya uzito.

Tuanze na bega. Frasila ilikuwa ratili 35, yaani karibu kilo 16. Mpagazi alipewa frasila mbili hivi, ratili 60 hadi 70, na juu yake aliongeza mkeka wake, kibuyu cha maji na posho. Kipimo hicho hakikutungwa na sultani wala serikali. Kilitokana na mwili wenyewe: mtu mwenye afya aliweza kutembea na mzigo huo tangu alfajiri mpaka jua kali, kesho akaamka akautwika tena, na keshokutwa, mpaka Taveta. Ukimwongezea frasila ya tatu, siku ya kwanza angefika, siku ya pili angechelewa, siku ya tatu mngemkuta amelala njiani. Punda na ng'ombe hawakuweza kumpokea, kwa sababu ya mbung'o na kiu ya Taru. Mto wa kupitisha mashua haukuwepo. Basi kila kitu kilichoingia bara kwa njia hii kilifungwa kwa kipimo cha bega la mtu mmoja.

Kitambaa cha merikani kilikunjwa na kushindiliwa mpaka kikawa furushi refu, gumu kama gogo, na furushi hilo liliitwa mtumba. Neno hilo bado tunalo midomoni. Siku ya soko Voi au Mwatate, mama akisema anakwenda kuchagua mitumba, anatumia neno la wapagazi. Na hata balo la mitumba la leo, ambalo kwa kawaida ni la kilo 45, bado ni mzigo ambao kijana mmoja mwenye nguvu aweza kujitwisha kichwani akavuka nao barabara. Limevuka bahari ndani ya sanduku la chuma lenye mamia ya wenzake, lakini mwisho wa safari linarudi kwenye kipimo kilekile cha kale.

Pembe ya ndovu peke yake ndiyo iliyokataa kufungwa kwa kipimo, maana ikikatwa hupungua thamani. Pembe iliyozidi frasila mbili alipewa mbeba hodari, naye alitembea nayo kwa fahari mbele ya wenzake. Waliobaki walikuwa chini ya jicho la mnyapara, naye mnyapara mwenye busara alijua hesabu yake. Ukimpa mtu mzigo unaozidi wa wenzake, usiku atatoroka, na asubuhi mzigo utakuwa chini bila mwenyewe. Uzito uliozidi ulijilipiza mapema, mbele ya macho ya kila mtu.

Baada ya Taru, milima ya Taita ilikuwa rehema. Ndara, Kasigau na Bura zilikuwa na maji na mashamba, na hapo misafara ilipumzika na kununua chakula. Johannes Rebmann, mmishonari Mjerumani, aliondoka Rabai tarehe 27 Aprili 1848 akiongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyeijua nyika, akapita Bura, na tarehe 11 Mei akaiona theluji ya Kilimanjaro. Wasomi wa Ulaya walibishana miaka mingi kama kweli theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Wapagazi waliokuwa na vitu vya bwana mabegani hawakuulizwa na mtu. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipita Taita akielekea Umaasaini na watu zaidi ya mia moja, na ukitaka kujua alibeba nini, hesabu mabega yao: kila bega moja ni frasila mbili. Na Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao hapa Bura mwaka 1892, reli ilikuwa bado haijaanza Mombasa. Kila walichokileta kutoka pwani kilipanda milima kwa miguu ya watu.

Hata meli ilipanda bara hivyo. Ile stima William Mackinnon, iliyokusudiwa Ziwa Viktoria, ililetwa Mombasa vipandevipande, nayo ikasafirishwa bara kwa reli iliyokuwa bado inajengwa na kwa mabega ya wapagazi, mpaka ikashushwa majini mwaka 1900. Fikiria meli inayokatwa ili itoshe bega. Mzigo ndio uliomtii mbebaji. Kwa muda mrefu hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na karibu miaka sitini baadaye kontena lilikuja kujaribu kuigeuza.

Reli ya Uganda ilianza Mombasa mwaka 1896, ikapita Voi na kufika Kisumu mwishoni mwa 1901. Kwa misafara ya njia kuu ulikuwa mwisho. Kwa Bura haukuwa mwisho, maana reli iliikata Taita kwa upande wa mashariki ikaenda zake Nairobi. Mzigo wa Taveta bado ulishuka Voi na kutafuta njia nyingine. Kilicholeta reli hapa ni vita.

Mwezi Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kuitwaa Taveta. Waingereza hawakuweza kupeleka jeshi kubwa upande wa Kilimanjaro bila maji na bila reli, na kati ya Voi na Taveta vyote viwili vilikuwa haba. Mwaka 1915 wakaanza kutandika reli kutoka Voi kupitia Mwatate na Bura hadi Maktau, na maji ya milima ya Bura yakapitishwa kwenye mabomba kwenda kambi za askari nyikani. Wajerumani walikuwa wakitega baruti relini usiku. Februari 1916 Waingereza na Waafrika Kusini walishindwa vibaya kwenye kilima cha Salaita, lakini mwezi uliofuata, chini ya Jenerali Smuts, waliichukua tena Taveta, na mwaka huohuo reli ya Voi ikaunganishwa Kahe na ile ya Wajerumani iliyotoka Tanga hadi Moshi. Zote mbili zilikuwa za meta moja, na kwa sababu hiyo tu mabehewa yaliweza kupita bila mzigo kushushwa. Watu wawili waliokuwa wakiuana walikuwa wamechagua upana mmoja wa reli.

Jambo moja lisisahauliwe. Reli haikuliondoa bega vitani. Kila mahali reli ilipokoma, mzigo ulirudi kwa watu, na safari hii wengi wao walichukuliwa kwa nguvu. Kikosi cha wabebaji wa Waingereza kilipoteza makumi ya maelfu ya watu, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kiingereza la kikosi hicho, lililogeuzwa na ndimi zetu, ndilo Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Kila mara ninapolisikia jina hilo likitajwa na makondakta wa matatu kama kituo cha kawaida tu, moyo wangu huwakumbuka watu hao ambao majina yao hayakuandikwa, wala uzito wa mizigo yao haukumhusu aliyewatwika.

Baada ya vita, reli iliyojengwa kwa ajili ya mizinga ikabeba kahawa. Mazao ya Kilimanjaro yaliyokuwa yakiteremka Tanga yakaanza kupita Taveta na Bura kwenda Kilindini, na watu wa Tanga walilalamika sana. Katani ya mashamba ya Mwatate nayo ilishuka kwa njia hiyohiyo, imeshindiliwa kuwa mabalo. Balo la katani kwa kawaida lina kilo 250, na kwa hiyo limeshapita bega la mtu mmoja. Linahitaji watu wanne, au mtaimbo, au winchi. Hapo mzigo ulianza kumpita mbebaji.

Kilindini yenyewe ilipata gati zake za kwanza za maji marefu mwaka 1926. Kabla ya hapo mizigo ilishushwa kwenye matishari na kuvutwa ufukoni. Lakini gati au tishari, kazi ilikuwa ya makuli. Hebu tulifuate gunia moja la kahawa, kilo 60, kutoka Moshi. Linabebwa kutoka bohari hadi behewa. Voi linaungana na treni ya Mombasa. Bandarini linashushwa kwa bega hadi bohari, linapangwa, linatolewa, linawekwa kwenye wavu, winchi inaliinua, na tumboni mwa meli makuli wengine wanalipokea na kulipanga upya, gunia juu ya gunia, katika joto la chuma. Mikono saba au minane imeligusa, na kila mkono ni saa, ni ujira, ni jasho. Meli iliweza kukaa gatini siku nyingi kama ilizokaa baharini. Makuli wa Mombasa walijua thamani ya mikono yao. Mgomo wa Januari 1947 uliusimamisha mji wote, na ule wa 1955 ulimleta Tom Mboya kutoka Nairobi kuja kusuluhisha, naye akarudi na nyongeza ya mshahara kwa ajili yao na jina kubwa kwa ajili yake.

Mwaka uliofuata, upande wa pili wa dunia, lilifanyika jambo ambalo makuli wa Kilindini hawakulisikia. Malcom McLean, mwenye malori kutoka North Carolina, alichukua meli ya mafuta iliyoitwa Ideal X, akaijengea jukwaa juu ya sitaha, na tarehe 26 Aprili 1956 ikang'oa nanga bandari ya Newark kwenda Houston ikiwa na masanduku 58 ya alumini. Ndani mlikuwa na mizigo ya kila namna, lakini hakuna kuli aliyeigusa. Kreni iliinua sanduku zima kutoka kwenye lori na kulitua melini.

Watu husimulia habari hii kama habari ya meli. Kwangu ni habari ya barabara. Masanduku ya kawaida ya kampuni ya McLean yalikuwa na urefu wa futi 35, kwa sababu huo ndio uliokuwa urefu wa tela kwenye barabara alizozitumia. Kampuni ya Matson, iliyosafirisha mizigo kati ya California na Hawaii, ilichagua futi 24, ili lori moja la pwani ya magharibi liweze kuvuta masanduku mawili. Upana wa futi 8 ulikuwa ndio upana unaoruhusiwa barabarani Marekani. Kwa hiyo, kabla bahari haijasema lolote, barabara ilikuwa imeshakata kipimo, kama bega lilivyokata kipimo cha mtumba.

Ilichukua miaka ya mabishano kabla dunia haijakubaliana. Shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa vipimo vyake mwaka 1968, na kati yake viwili ndivyo vilivyotawala. Kontena la futi 20 lina urefu wa meta 6.058, upana wa meta 2.438 na kimo cha meta 2.591. La futi 40 lina upana na kimo hichohicho, lakini urefu wake ni meta 12.192. Mwenye macho makali ataona kwamba mawili ya futi 20 hayafiki urefu wa moja la futi 40: yanapungua milimeta 76. Upungufu huo ni wa makusudi. Ni nafasi iliyoachwa kati yao ili mawili madogo yakae mahali pa moja kubwa, juu ya tela au melini, na pembe zao za chuma ziingie kwenye kufuli zilezile. Baadaye likaja la kimo kirefu, meta 2.896, ambalo wafanyabiashara wa mitumba, magodoro na vyombo vya plastiki hulipenda, kwa kuwa mali zao hula nafasi kabla ya kula uzito.

Na hapa ndipo uzito unapoingia, na ndipo watu wengi hukosea. Mfanyabiashara anayeanza hudhani kwamba kontena la futi 40, kwa kuwa ni mara mbili ya la futi 20, hubeba mara mbili. Halibebi. La futi 20 lilianza na kikomo cha kilo 20,320, likapandishwa hadi 24,000, kisha 30,480. La futi 40 tangu mwanzo lilipewa kilo 30,480. Katika yote mawili, hesabu hiyo ni pamoja na uzito wa chuma chenyewe. Kontena tupu la futi 20 lina tani 2.2 au 2.3, na la futi 40 karibu tani 3.8. Toa uzito huo, utaona kwamba dogo limebaki na nafasi ya tani 28 za mzigo, na kubwa limebaki na tani 26 na kitu. Yapo mapya yaliyopewa kikomo cha juu zaidi, lakini mengi yanayopita Voi ni ya hesabu hii. Kubwa hununua nafasi: meta za ujazo 67 dhidi ya 33. Halinunui nguvu.

Kwa nini 30,480, na si 30,000 au 31,000? Kwa sababu ni tani 30 za Kiingereza za zamani, tani ya ratili 2,240. Ratili 2,240 ukizigawanya kwa 35 unapata frasila 64 kamili, bila masalio. Kwa hiyo kontena lililofika kikomo ni frasila 1,920. Ni mzigo wa wapagazi 960. Weka watu 960 kwenye njia ya miguu ya Bura, mmoja nyuma ya mwenzake, hatua mbili kati yao: kirangozi wa mbele atakuwa ameshapotea nyuma ya kona kabla wa mwisho hajanyanyua mzigo wake. Leo hao wote wamo ndani ya sanduku moja, na anayelipeleka ni dereva mmoja na utingo wake.

Mombasa ililipokea kontena katika miaka ya 1970, na gati namba 16 hadi 18 zikatengwa kwa ajili yake. Lakini kwa njia ya Bura, miaka hiyo ilikuwa ya ukimya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja likagawanywa, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi Novemba 1983. Reli ya Kahe ikakosa sababu ya kuwepo. Kontena lilipata njia yake kwingine: mwaka 1984 bandari ya nchi kavu ya Embakasi ilifunguliwa Nairobi, na treni za makontena zikapita Voi usiku bila kusimama. Waliokuwa wakingoja treni Bura walizoea kungoja magari.

Kisha reli yenyewe ikadhoofika, na makontena yakahamia kwenye malori. Hapo ndipo swali la zamani la mnyapara lilipofufuka: nani anabeba, na anaweza kiasi gani? Kontena limekadiriwa na watu wa meli. Lami ina kadirio lake. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ekseli ya usukani hairuhusiwi kupita tani 8, ekseli mbili za pamoja tani 18, na tatu za pamoja tani 24. Jumlisha, na lori la ekseli sita lina tani 50, yote pamoja. La ekseli saba linakomea 56.

Fanya hesabu ambayo kila dereva wa Mombasa huifanya akilini. Kichwa na tela tupu vyaweza kuchukua tani 17 au 18. Zinabaki 32. Kontena moja lililojaa hadi 30,480 litapita. Lakini tela lile lina nafasi ya makontena mawili ya futi 20, na melini kila moja lilikuwa na haki ya tani 30. Barabarani, mawili kwa pamoja hayawezi kuzidi 32, yaani 16 kila moja, na ukitoa chuma, mzigo wa kila moja ni chini ya tani 14. Nusu ya haki ya baharini imebaki gatini. Saruji, vigae, mawe ya madini, bidhaa yoyote nzito humaliza uzito wa kontena kabla sakafu haijafunikwa hadi kiunoni. Mwenye mali anaona nafasi tupu juu, na nafasi hiyo humtia tamaa.

Tamaa hiyo ina gharama inayojulikana. Kati ya 1958 na 1960, huko Ottawa katika jimbo la Illinois, wahandisi walizungusha malori mchana na usiku juu ya barabara za majaribio, wakagundua kwamba uharibifu wa barabara haukui sambamba na uzito. Hukua karibu kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 ikitwikwa tani 12, uzito umeongezeka moja ya tano, lakini jeraha la lami limekuwa mara mbili. Ndiyo maana pana mizani Mariakani, na ndiyo maana mji ulioota kando ya mizani ya Athi River unaitwa Mlolongo, kwa foleni ya malori yaliyongoja kupimwa. Mizani hupima ekseli moja moja, na kuna madereva waliokamatwa ilhali uzito wao wa jumla ulikuwa halali. Mzigo ulipangwa vibaya huko ulikotoka, wote ukaelemea mlangoni au mbele, na mlango una sili ambayo dereva haruhusiwi kuikata. Anaadhibiwa kwa mpangilio wa mikono asiyoijua. Hilo ni dhuluma, na ningependa wanaotunga sheria walione hivyo.

Baharini nako uongo wa uzito ulifichuliwa na ajali ya meli. Januari 2007, MSC Napoli ilipasuka ubavu kwenye mlango wa bahari wa Uingereza ikabidi iegeshwe kwenye mchanga wa pwani ya Devon. Wachunguzi walipopima makontena 660 ya sitahani yaliyobaki makavu, waliona 137 yamepishana na uzito ulioandikwa kwa zaidi ya tani tatu. Haikuwa sababu kuu ya kupasuka, lakini habari hiyo iliwatikisa watu wa meli. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kontena halipakiwi melini mpaka uzito wake halisi umepimwa na kuthibitishwa kwa maandishi. Karne nzima baada ya Kariakoo, dunia ilikubali kwamba aliyefunga mzigo ndiye wa kuulizwa kuhusu uzito wake.

Mwaka huohuo wa 2016 kituo cha pamoja cha mpakani, Taveta na Holili, kilizinduliwa, na katika miaka hiyohiyo lami kutoka Mwatate hadi Taveta, iliyogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikaizika ile murram ya vumbi jekundu tuliyokulia. Makontena ya Moshi na Arusha yakarudi njia ya kahawa. Upande wa Voi, reli mpya ya kisasa ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, na treni zake za mizigo za Nairobi zina makontena juu ya mabehewa marefu kiasi kwamba ukiwa Voi waweza kuhesabu ukachoka. Lakini reli hiyo haikugeuka kuja kwetu. Bura imebaki na lori.

Nimekaa jioni nyingi kando ya lami hii. Lori lenye kontena zito hulijua kabla hujaliona: injini inaguna kwenye mpando, breki zinatoa pumzi kwenye mteremko, na ardhi ya ukumbi wa duka hutetemeka kidogo. Watoto wa shule husogea kwenye majani kusubiri lipite. Huwa natazama pembe nne za chini za sanduku, pale kufuli zinapozungushwa, maana kontena lisilofungwa pembe zote hukaa juu ya tela kwa uzito wake tu, na kwenye kona uzito huohuo ndio unaolitupa. Dereva aliyezifunga zote nne simjui, lakini namshukuru. Mbele yake kuna nyika, na baada ya Maktau ndovu huvuka barabara wapendavyo.

Makontena mengine hayaendi popote tena. Yamezeeka kwa bahari, yakauzwa, yakashushwa kando ya barabara, yakakatwa dirisha. Voi, Mwatate, na hata vituo vidogo, utayaona: kinyozi, duka la simu, muuza mbegu. La futi 20 latosha viti vitatu vya kinyozi na benchi la wanaosubiri. Rangi mpya hupakwa ubavuni, lakini mlangoni fundi mara nyingi huishiwa na subira, na chini ya rangi tarakimu hubaki zikisomeka. Uzito wa juu kabisa: kilo 30,480. Uzito mtupu: 2,230. Mzigo: 28,250. Ndani, kijana ananyolewa, na balo moja la mitumba limeegemezwa ukutani likimsubiri mwenyewe aje alitwae kichwani.